Maua ya Baba na sufuria ya Mama

Mukipita katika kambi za zamani za wafanyakazi wa mgodi, Kolwezi ao Likasi, angalieni mbele ya milango. Mutaona ua dogo la rangi ya roza ao nyeupe, lenye vipande vitano na jicho katikati. Kwa Kifaransa wanaliita pervenche de Madagascar, juu lilitoka katika kisiwa cha Madagascar. Wenye elimu ya mimea wanaliita Catharanthus roseus. Kwetu tulisema tu «maua ya Baba», kwani yeye ndiye aliyeyapanda. Alirudi kazini na vumbi mpaka kwenye nyusi, na mbele ya kuvua viatu aliyamwangia maji kidogo.

Kijana unayetaka kupamba lupango ya wazazi wako, anza na ua hili. Halitaki udongo wa mali. Chuma mbegu wakati kiganda chake chembamba kinaanza kukauka, mbele hakijapasuka. Mvua ikianza, changanya bulongo na mchanga kidogo, panda, kisha funika mbegu, kwa sababu zinapenda kuota katika giza. Acha nafasi ya mkono moja kati ya mche na mche. Kisha miezi miwili ao mitatu utaona maua. Kata ncha ili lifanye matawi mengi. Usilizamishe ndani ya maji, mizizi itaoza. Na mbuzi hawalipendi: wanalinusa, wanapita. Jambo hilo la mbuzi lingepaswa kunifundisha kitu.

Baba alipokufa, Mama alibaki na maua yale na ugonjwa wa sukari. Kinini zake zilikuwa za kila siku, na feza haikuwa ya kila siku. Siku moja, kisha misa, mama moja wa jirani akaniambia: «Banasema ile mauwa ya kwenu inashusha sukari. Tokotesha majani, umupe asubui na mangaribi.» Sitamulaumu. Alitaka kutusaidia, na desturi hiyo ni ya zamani, kuanzia Madagascar mpaka visiwa vya Karibi. Mimi mwenyewe njo nilichuma majani. Mimi njo niliweka sufuria kwenye mbabula.

Siku za kwanza Mama alisema anasikia nguvu. Basi akaacha kinini. Hakuniambia, nami sikumuuliza, juu nilifurahi kuona feza inabaki kwa kununua unga. Juma la tatu alianza kutapika. Usiku aliamuka mara tano, sita kwa kukojoa. Kidonda kidogo kwenye kidole cha muguu kikakataa kupona. Tulipomufikisha hopitali, sukari yake ilikuwa 412, na munganga akauliza: «Mama, unakunywa nini?»

Mama akaniangalia. Nikajibu mimi.

Munganga hakutukana. Alitufundisha, na maneno yale nataka muyashike. Majani ya ua hili yana dawa za kweli, nyingi na kali. Katika miaka ya 1950, huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer walipokea majani kutoka Jamaica, ambako watu waliyanywa kwa ajili ya sukari. Wakayajaribu kwa panya. Sukari ya panya haikushuka walivyotumaini. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu, zile askari wanaolinda mwili, na panya wakafa kwa maambukizo. Wao hawakutupa majani. Walijiuliza: kama kitu hiki kinapunguza chembe nyeupe, si kinaweza kusaidia katika kansa ya damu, ambamo chembe hizo zinazidi? Mwaka 1958 walitangaza dawa ya vinblastini. Kisha ikapatikana ndugu yake, vinkristini, ambayo mpaka leo, pamoja na dawa zingine, inaponyesha watoto wengi wenye kansa ya damu.

Lakini kwa kupata gramu moja ya vinkristini inaomba majani makavu mengi sana. Dawa hiyo inaingizwa katika mshipa, kwa kipimo kidogo sana, na wauguzi wanaangalia damu ya mgonjwa. Katika sufuria, nani anapima? Leo majani kumi, kesho kumi na tano. Dawa ile ile inayoponya mtoto hospitalini inaweza kuharibu mishipa ya fahamu, tumbo na damu ya mama nyumbani. Mama mwenye mimba asiiguse kabisa. Na mwenye kunywa kinini za sukari akiongeza majani, sukari inaweza kushuka mpaka azimie.

Mama alipona, lakini kidole kilikatwa. Tulipotoka hopitali nilitaka kungoa maua yote. Nilikuwa nimeshika jembe tayari. Mama, akiwa ameketi kwenye kiti, akasema: «Acha, mwanangu. Baba yako aliyapanda ya kuangalia. Sisi njo tuliyafanya ya kukunywa.»

Nikaweka jembe.

Ndugu musomaji, pengine na wewe iko mutu nyumbani anayekunywa majani fulani na anaogopa kuyataja mbele ya munganga. Muulize leo, kwa upole. Muulize pia kama angali anakunywa kinini, na kama feza ya kinini iko. Mimi sikuuliza swali hilo la pili, na swali hilo njo lingeokoa kidole cha mama yangu. Feza ikikosa, museme hopitalini na katika shirika yenu. Haya haiponyeshi mutu.

Sasa mlango wa Mama una maua meupe na ya roza pande zote mbili. Anayamwangia mwenyewe, akitembea polepole. Wageni wakiomba mbegu, anawapa, na kila mara anaongeza: «Ni ya macho, siyo ya kinywa.»