Kigoma, ng'ambo ya ziwa letu

Juma hili tuvuke maji.

Kutoka Baraka ama Kalemie, Kigoma haiko mbali. Ziwa Tanganyika ni refu, kilometa zaidi ya 650, lakini pale linapopanuka sana halipiti kilometa 72. Boti za mbao zinazobeba magunia na abiria pamoja zinaingia Kibirizi, ufuko ulioko kaskazini kidogo ya mji. Ukishuka pale unajiuliza kama kweli umetoka nchi. Unasikia Kibembe, unanusa mawese na samaki wadogo, wale wenyeji wanawaita dagaa na sisi tunaita ndakala. Vikwembe vimetundikwa, na muuzaji anavisifu kwa jina la kwao: kitenge cha Kongo.

Watu wamekuwa wakihamia huku tangu zamani. Katika karne ya 19 Ujiji, palipo karibu na Kigoma, palikuwa soko la misafara ya pembe na watumwa. Wamanyema wengi walifika pale kutoka upande wetu, wengine kwa biashara, wengine wamefungwa, na wajukuu wao leo ni raia wa Tanzania. Mwaka 1914 reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ikafika Kigoma. Mwaka uliofuata Wabelgiji wakafikisha yao Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Saruji na sukari vikawa vinavuka kuja kwetu, na watu wakawa wanavuka pande zote mbili.

Halafu ikaja vita. Mwaka 1996 wakimbizi wa Kivu ya Kusini walivuka kwa maelfu, mama na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika Kasulu. Mwaka 2015 Warundi zaidi ya 100,000 wakaongezeka juu yao. Kuna vijana waliozaliwa kambini ambao sasa wana watoto wao, na kijiji cha babu hawajakiona.

Tunasikia kila siku habari za Ulaya, kana kwamba dunia yote inakimbilia huko. Hesabu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema watu milioni 304 wanaishi nje ya nchi walikozaliwa, lakini Waafrika wanaohama, wengi wao wanabaki Afrika. Na sisi Wakongomani zaidi hata hivyo: waliofukuzwa makwao na kubaki ndani ya nchi walikuwa zaidi ya milioni 7, na waliotoka, walio wengi wako Uganda. Anayekimbia risasi hana feza ya ndege. Anaenda pale miguu ama boti inapofika.

Basi maisha yake huko yanategemea sana sheria anayoikuta. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2006, mkimbizi anaweza kutembea na kufanya kazi, na katika makambi kama Nakivale anapewa kipande cha kulima. Tanzania, kutoka kambini kunaomba kibali. Mama anayejua kupika sabuni ya mawese ama kushona anabaki na ufundi wake mkononi, wanunuzi wako nje ya mpaka wa kambi. Mimi naona hapo wote wanapoteza, hata wenyeji, maana mkulima wa jirani naye alikuwa na mihogo ya kumuuzia. Wengine waliweka tumaini lote kwa Marekani, iliyokuwa ikipokea Wakongomani wengi. Januari 2025 mlango ule ukafungwa, na wengine walikuwa wamekwisha kuuza vyombo vya nyumba.

Kwa waliofika mbali, feza inarudi kwetu kwa simu, na tunajua inachofanya: minervali, dawa, mabati. Ila kutuma dola 200 kunakula, kwa wastani wa dunia, kama dola 13, na kwa Afrika yetu ni zaidi. Mtoto anayetuma dola 50 mara nne analipa kwa kawaida kuliko anayetuma 200 mara moja. Mzungumze naye. Wenye likelemba wanaweza kupanga zamu zao ziende pamoja na mwezi wa kutuma, mambo ya masomo yakalipwa bila kukopa dukani.

Anayetaka kuvuka kwa biashara asisahau hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wataiomba kabla hata hujashusha mzigo. Konsula ya Kongo iko mjini Kigoma. Na uulize hali ya upepo kwa wavuvi wenyewe, si kwa mwenye boti anayengoja abiria wajae.