Kuvuka Ziwa kwenda Mpulungu: Mama, Karatasi Zako Zipo?

Sisi wa Ufipa tumezoea kusema "naenda ng'ambo" kana kwamba tunakwenda shamba la pili. Walungu na Wamambwe wako Kalambo, na wako Zambia pia. Harusi, msiba na kipaimara havijali mpaka. Lakini mpaka upo, hata majini. Akina mama wa vikundi vya kanisa wanapopanga safari huulizana vitenge vingapi, mchele kilo ngapi. Karatasi hukumbukwa wakiwa wameshafika Kasanga.

Kutoka Sumbawanga unapita Matai, kisha barabara inateremka kutoka nyanda za juu hadi ziwani. Baridi yetu unaiacha huko juu. Chini ni joto na mbu, basi chandarua kisisahaulike. Miaka mingi watu walivuka kwa MV Liemba, ile meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ambayo safari yake iliishia Mpulungu. Meli kubwa haijifichi. Maofisa walijua inakuja. Ukikodi boti, ni juu yako kuwatafuta maofisa hao. Mwenye boti akikuambia, "Mama, tutashukia tu ufukweni kwa ndugu zako," mkatalie. Boti iondoke Kasanga baada ya ninyi kugongewa muhuri wa kutoka, na ifikie bandari ya Mpulungu, kwenye Uhamiaji, Forodha na Afya. Yeye naye awe na karatasi za chombo na orodha ya majina ya abiria wote, hata wachanga.

Nasema hivi kama muuguzi. Mama asiye na muhuri huogopa hata kwenda zahanati mtoto anapochemka homa usiku. Anasubiri kupambazuke, na malaria haisubiri.

Mtanzania hahitaji viza kwa matembezi ya kawaida Zambia, ila hati ya kusafiria ni lazima. Pasipoti ya kielektroniki ilianza kutolewa mwaka 2018. Kwa safari fupi ipo pia hati ya dharura, ambayo ni nafuu zaidi. Ulizeni ofisi ya Uhamiaji pale Sumbawanga mapema, si siku ya kuondoka. Beba kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa.

Mtoto naye ana hati yake. Haandikwi mgongoni kwa mama! Chukua cheti chake cha kuzaliwa, na kama baba hasafiri, barua yake ya ridhaa yenye sahihi. Ukimsindikiza mtoto wa dada yako, barua hiyo ndiyo itakayokutetea, kwa maana maofisa wa mipakani wana wajibu wa kuzuia biashara ya watoto, na hawajui kwamba wewe ni mama mkubwa.

Halafu kadi ya njano. Zambia huidai kwa anayetoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano, na ukipitia Kongo, tuseme Moba au Kalemie, huna ujanja. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu Julai 2016 sindano moja hutosha maisha yote, kwa hiyo kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 bado ni halali; usikubali kuchomwa tena bure. Mjamzito, anayenyonyesha mtoto mchanga, na mwenye kinga dhaifu wamwone daktari kwanza, kwani chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto chini ya miezi 9 kwa kawaida hachanjwi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni la dawa. Zambia huhesabu difenihidramini kuwa dawa ya kudhibitiwa, na wapo wageni waliowahi kukamatwa kwa ajili yake. Imo katika baadhi ya dawa za maji za kikohozi na za mafua. Soma chupa, na ukiona jina hilo, iache nyumbani. Dawa zako za presha, kisukari au ARV zibaki kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari.

Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini huchafua maji, basi vukeni asubuhi na mapema, kila mtu amevaa jaketi la kuokolea, na mtoto awe na la saizi yake.

Mpulungu saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Fedha ni kwacha. Noti za kabla ya mwaka 2013 hazifai, hata kama shangazi alikutunzia. Mkipata nafasi, tembeleeni Niamkolo, magofu ya kanisa la mawe lililojengwa na wamisionari wa London Missionary Society mwaka 1895 na 1896. Kuta bado zimesimama juu ya ziwa.

Siku ya kurudi anzieni tena Uhamiaji wa Mpulungu, na mkishuka Kasanga mgongewe muhuri wa kuingia kabla ya kukimbilia gari la Matai.