Sabufa ya Inchi 12 Ilivyomgombanisha Mshkaji wa Tabora na Mzee Wake

Kuna mshkaji mmoja pale Isevya, Tabora, IST yake unaitambua kabla hujaiona. Vioo vinatetemeka, pleti namba inagonga, watoto wanatoka nje kucheza. Nyuma kaweka sabufa ya inchi 12 ndani ya boksi lenye tundu. Kitaa wanamkubali kinoma.

Ila nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Mzee wake alikuwa haongei naye, mwezi wa tatu huo. Ile sabufa na amplifaya yake ni laki nane za tumbaku, hela ambayo mzee alimpa iwe kianzio cha kiwanja Ipuli.

Ukiwekewa amapiano kwenye ile gari hutaki kushuka. Besi yake inateleza, inashuka taratibu mpaka unaisikia kwenye kiti. Hip hop nayo ina ile besi ndefu ya mashine, dum moja inavutika kama mpira. Hizo mbili, boksi lenye tundu linazipenda. Shida inaanza kwenye singeli. Mapigo yanafika 200 na zaidi kwa dakika, moja halijaisha lingine limeshaingia, boksi linabaki linanguruma tu. Jamaa akawa anaongeza sauti, anaona fresh.

Siku moja ukatokea msiba Urambo. Usafiri mwingine hamna, ikabidi mzee apande.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Basi, kimya. Wakatoka mjini kuelekea magharibi, upande uleule ambao zamani misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi ilielekea ikienda Ujiji, kirangozi mbele na ngoma inalia. Kwa aibu jamaa akaweka Tabora Jazz ya miaka ya 1970. Alijua mzee enzi za ujana alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya maharusi.

Mzee akasikiliza nusu ya wimbo, akasema, "Mpigaji anatembea. Redio yako imesimama."

Jamaa alikuja kuelewa usiku. Besi ya dansi ni gitaa, inapanda na kushuka noti kwa noti, na uzi wake mnene kabisa unatoa mitetemo kama 41 kwa sekunde. Tundu la boksi linaikuza sana sauti iliyo karibu na kipimo chake, zingine zinafunikwa. Mpigaji anapiga noti tano, wewe unasikia moja, dum dum dum.

Kulekule msibani akaomba kipande cha godoro kuukuu, akaziba lile tundu. Akapunguza na amplifaya. Mdundo ukapungua kweli, pleti namba ikanyamaza.

Wakati wa kurudi, wimbo uleule. Mzee hakusema kitu, ila vidole vyake vikaanza kutembea kwenye paja, na kila kilipogusa kidole, noti ilikuwa hapohapo.

Walipokaribia Tabora akafungua mdomo.

"Hii redio usiiuze."

"Sawa baba."

"Ila kiwanja utalipa wewe. Kidogo kidogo, mpaka laki nane iishe."

Mpaka leo kila mwisho wa mwezi jamaa anapeleka hela kwa mzee. Godoro lipo kwenye tundu, analitoa Jumamosi usiku tu. Amapiano nayo ina haki yake bana.