Nilimnyamazisha Aliyekuwa Sahihi

Nakiri hadharani: niliwafundisha wanafunzi wangu wa tuisheni huko Kawangware jambo lisilo kweli, na aliyejaribu kunirekebisha nikamnyamazisha.

Ilikuwa 2018, malori yalipoanza kubeba mafuta ghafi ya Turkana kutoka Lokichar hadi Mombasa. Darasa lilitaka kujua kwa nini matangi yake yalitengenezwa ya kuhifadhi joto. Nikaeleza kwamba mafuta yale yana nta nyingi, na hapo nilisema kweli. Kisha nikaongeza kwamba nta haiwezi kushika bomba la kisima mpaka mafuta yote yapoe. Yakiwa ya moto katikati, chuma ki salama.

Mvulana mmoja aliyekuwa akitoka Kibera, upande wa Makina, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama chuma ndicho kilichopoa?" Nikamwambia asiwapotezee wenzake wakati. Wakamcheka. Muhula ule hakuuliza tena.

Swali halikunitoka. Jioni moja niliyeyusha vipande vya mshumaa ndani ya mafuta ya kupikia, nikaepua sufuria, nikatumbukiza kikombe cha chuma chenye maji baridi. Mafuta yalibaki maangavu, lakini chuma kikaanza kufifia, kikavaa utando mweupe unaokwaruzika kwa ukucha, ukazidi kunenepa.

Kisimani ni vivyo hivyo. Mafuta hupanda kutoka kwenye miamba ya moto, na kadiri yanavyokaribia juu, ukuta wa bomba hutangulia kupoa. Nta iliyoyeyuka huelekea kwenye ubaridi huo, huganda hapo na kunasa mafuta ndani yake. Mwanzoni utando ni laini. Siku zikipita nta huzidi kujaa ndani yake, ukawa mgumu. Njia husinyaa, mafundi wakalazimika kukwangua, kupitisha mafuta ya moto au kutia kemikali. Hata bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, limebuniwa lipashwe joto njia nzima kwa sababu ya nta kama hiyo.

Nilijua kosa langu kabla ya mtihani, nikakaa kimya. Niliogopa kushuka hadhi mbele ya watoto ambao wazazi wao walilipa karo kwa taabu. Hilo linaniuma kuliko kosa lenyewe.

Kama ulikuwa darasani mle na daftari bado unalo, futa maelezo yangu, uandike ya mwenzako: chuma kikipoa vya kutosha, nta hukishika hata mafuta yakiwa bado ya moto.