Ng'ombe hajui Jumapili, lakini mama anahitaji kupumzika

Mgeni kutoka mjini akifika Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, huona kihamba kama mahali pa kupumzikia. Migomba imefunga kivuli, kahawa iko chini yake, magimbi na maharage hapa na pale. Wenye kihamba wanajua kilicho nyuma ya kivuli hicho.

Ng'ombe mmoja wa maziwa anayefugwa bandani hukamuliwa asubuhi na jioni. Akiwa na uzito wa kilo 400, anahitaji kama kilo 40 za majani mabichi kwa siku, na maji ndoo mbili au zaidi. Mzigo huo hubebwa kichwani, majani mengine yakitoka mashamba ya chini. Msimu wa kahawa ukianza kazi huongezeka, kwa sababu matunda hayaivi pamoja. Mti mmoja huchumwa mara kadhaa, na kahawa iliyochumwa inatakiwa ipite kwenye mashine ya kumenyea siku hiyo hiyo.

Katika familia moja ya huko, mapumziko yalikuwepo, ila hayakuwa ya wote. Ikifika saa kumi jioni baba alikwenda kwenye mbege, vijana wa kiume wakaenda uwanjani. Mama na binti yake wa kidato cha pili walibaki na panga la kukatia majani.

Siku moja binti alisema mezani, "Mimi nikimaliza shule sirudi huku." Baba akalaumu simu na mambo ya mjini. Bibi, aliyekuwa kimya muda wote, akamwambia, "Mwanangu, huyu hakimbii kihamba. Anakimbia kuchoka kama mama yake."

Maneno hayo yalimkaa baba. Wiki iliyofuata wakapangana upya. Jumamosi vijana wanakata majani ya siku mbili, na mashina ya migomba iliyovunwa yanakatwakatwa kuongezea. Jumapili jioni baba ndiye anayekamua. Mwanzoni maziwa yalipungua, maana ng'ombe hakuzoea mikono yake, na majirani walicheka. Baba akaendelea. Baada ya muda ng'ombe akamzoea, na majirani wakachoka kucheka.

Jumapili ya kwanza mama alilala mchana mpaka saa kumi na moja. Alipoamka alikurupuka akiuliza nani amekamua. Sasa hulala bila kuuliza. Binti hucheza rede na wenzake barabarani, jioni wote hukaa jikoni wakichoma ndizi huku bibi akisimulia hadithi. Binti bado anasema atasoma mpaka chuo, na hilo ni jema. Ila siku hizi huuliza pia mche wa kahawa huchukua miaka mingapi kuzaa.

Wazazi wengi huwatuma watoto shambani kama adhabu, halafu hushangaa wakikua bila kulipenda. Mtoto hupima shamba kwa uso wa mama yake jioni. Kama uso huo umechoka kila siku, hakuna mawaidha yatakayomrudisha. Kabla ya kumlaumu, hesabu nyumbani kwako: wiki hii nani amepumzika, na nani hajapumzika kabisa?