Sema Kama Huna

Nilikulia katika nyumba ambayo karata hazikuingia. Baba yangu alikuwa mwinjilisti kule Njombe, na kwake karata ilikuwa jina jingine la kamari. Kwa hiyo kijana wetu aliporudi nyumbani na boksi lenye picha za mashujaa, majitu na mzee wa ndevu ndefu, nilimuuliza swali moja tu: "Hizi mnachezea pesa?"

Akacheka. "Hapana, Baba. Wala hatushindani. Wote tunakuwa upande mmoja."

Hilo la kuwa upande mmoja ndilo lililonikalisha mezani.

Mchezo unatokana na The Lord of the Rings, hadithi ya J. R. R. Tolkien, profesa wa Oxford na Mkatoliki aliyeshika imani yake. Kampuni iliyoutoa mwaka 2011 ni ya Roseville, hapa hapa Minnesota, si mbali na tunakosali ibada ya Kiswahili. Kila mchezaji huchagua shujaa 1 hadi 3, kisha huandaa fungu lake la karata zisizopungua 50, na karata ya aina moja haizidi nakala 3. Adui hachezwi na mtu. Ana fungu lake mwenyewe, nalo hufunuliwa kila raundi. Kila mchezaji ana kiwango chake cha hatari kinachopanda kidogo kidogo. Kikifika 50, ametoka.

Kijana alichagua mashujaa wa rangi ya buluu, watu wa moyo mkuu na safari ndefu, lakini si wapiganaji. Mimi niliandaa fungu la kujitosheleza. Nilimchukua Aragorn kwa uongozi. Nikamchukua Gimli, ambaye kila akipata jeraha nguvu zake za kupiga huongezeka. Nikamchukua Glorfindel, anayeweza kutibu majeraha. Yaani nitaumia, nitapiga, nitajitibu, na sitamsumbua mtu. Karata zangu zilifika 72, kwa sababu kila nilipotaka kutoa moja niliwaza, "Je, nikiihitaji?"

Kuna jambo wakati huo sikuwa nimemwambia mtu. Mwezi wa Novemba niliachishwa kazi ghalani. Kila asubuhi niliendelea kuamka saa kumi na moja, nikabeba chakula changu cha mchana, nikaendesha gari hadi maktaba ya umma na kukaa humo mpaka saa ya kutoka kazini. Mke wangu alikuwa akifanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilijiambia kwamba amechoka vya kutosha. Jumapili watu wakiniuliza, "Kazi inaendaje?" nilijibu, "Tunamshukuru Mungu." Nilijificha hata nyuma ya Maandiko. Katika Wagalatia sura ya 6, aya ya 5, Paulo anasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Baba yangu aliipenda aya hiyo, nami niliirithi.

Jioni moja ya Desemba tulikuwa tukicheza safari ya mto Anduin. Mwanzoni mwa safari hiyo linatokea jitu la mlimani, nalo humvamia mchezaji ambaye kiwango chake cha hatari kimefika 30. Kiwango cha kuanzia ni jumla ya namba za mashujaa wako. Kijana alianza na 24. Mimi, kwa mashujaa wangu wakubwa, nilianza na 35. Jitu lilikuwa langu tangu raundi ya kwanza.

Kanuni haziruhusu kuonyeshana karata za mkononi, lakini zinaruhusu kuzungumza. Kijana akaniuliza, "Baba, utalimudu?"

Nilitazama mkononi. Nilikuwa na karata 4 za kijani na shujaa 1 tu wa kijani wa kuzilipia, tena hulipia kidogo kidogo, kwa tokeni moja kila raundi. Hapakuwa na ngao wala askari.

"Usijali," nikasema. "Niko sawa."

Akaniamini, akatumia tokeni zake kwa jambo lingine. Kufikia raundi ya tatu mashujaa wangu wote walikuwa wamekufa. Jitu likamgeukia yeye, naye hakuwa na mtu wa kumpigania.

Alipokuwa akikusanya karata alinionyesha moja aliyokuwa nayo tangu mwanzo: The Galadhrim's Greeting. Gharama yake ni tokeni 3, na alikuwa nazo 3. Ingeshusha hatari yangu kwa 6. "Ungefika 29," akasema. "Jitu lisingekuja kwako raundi ile. Ungesema tu kwamba huna kitu."

Kisha, bila kuniangalia: "Sema kama huna, Baba. Nililiona gari lako maktaba. Mara tatu."

Sikumjibu upesi. Nililosikia kwanza ni aibu, kisha kitu kama mtu anayeteremshwa gunia mgongoni. Nikamwambia yote. Asubuhi mama yake aliporudi kutoka zamu, nilimwekea chai mezani nikamwambia na yeye. Alilia, si kwa sababu ya kazi. "Wiki tano," alirudia. "Wiki tano umekaa peke yako."

Wiki ile mimi na kijana tulilitengeneza fungu upya. Alinifundisha hesabu yake. Karata yenye nakala 3 katika fungu la 50 ina nafasi kama moja kati ya tatu ya kuwemo katika zile 6 za kuanzia. Katika fungu la 72, nafasi hiyo haifiki hata moja kati ya nne. Kila karata niliyoiweka kwa hofu ilikuwa inaizika ile niliyoihitaji. Tulitoa 22. Nilimaliza na rangi mbili badala ya tatu. Glorfindel aliondoka, na Gimli pia, ingawa kwa yeye nilisita. Nilijiona ndani yake.

Badala yao walikuja Legolas, anayeweza kumpiga adui aliyemvamia mwenzangu, na Théodred, ambaye akiingia safarini humpa shujaa mwingine tokeni, hata kama si wangu. Aragorn alibaki, kwa kuwa anaweza kusimama kumkinga mchezaji wa pembeni. Jumla yao ni 29. Nina karata moja, Steward of Gondor, inayoongeza tokeni 2 kila raundi. Zamani niliiweka kwa shujaa wangu. Siku hizi naiweka kwa Éowyn wa kijana, kwa maana ndiye anayetufikisha.

Fungu hili likiachwa peke yake ni dhaifu. Haliendi mbali safarini. Lakini likikaa kando ya lile la buluu, tunavuka mto mara nyingi kuliko tunavyoshindwa.

Jumuiya ilipokutana baada ya Krismasi nilisimama nikasema kwamba sina kazi. Hakuna muujiza ulioshuka. Mzee mmoja wa kanisa alileta mchele na maharage. Mama mmoja alikaa nami mezani akanisaidia kujaza maombi ya kazi. Kijana mmoja, ambaye siku zote nilimwona ni wa kuimba kwaya tu, alinivuta kando akaniambia kwamba na yeye ameachishwa tangu Oktoba, na hajamwambia mtu. Kazi niliipata mwezi wa Machi, kwa mshahara mdogo kuliko wa kwanza.

Nimerudi kusoma Wagalatia sura ya 6. Aya ya 5 ipo palepale, na ni kweli. Lakini kabla mtu hajaifikia, atapita kwenye aya ya 2, ambako Paulo anawaagiza wabebeane mizigo. Miaka yote nilikuwa nikiiruka. Sasa kila Jumapili nikiulizwa, "Habari za nyumbani?" natazama kwanza nilicho nacho mkononi, ndipo najibu.