Karo na tanki

Ile Peugeot 504 pickup ilisimama nyuma ya zizi letu hapa Sigowet mwaka nilioingia kidato cha kwanza. Kuku wakataga chini ya usukani. Nilipofika miaka 16, Baba alinipa spana: "Weri, leo tunaifufua."

Tulitoa plagi, tukamimina oili kidogo katika kila silinda, tukaiacha ilale hivyo ili ringi zilizoshikana zilainike. Mimi nikasugua pointi kwa msasa. Baba naye na hadithi yake: 504 ilishinda Safari Rally 1975, ikarudia 1978. Alikuwa mtoto wakati huo, lakini husimulia utadhani ndiye aliyeshika usukani.

Haikuwaka. Tanki lilikuwa limeliwa na kutu, na pesa za tanki zikaenda karo yangu ya chuo. Kozi yenyewe niliiacha mwaka wa pili.

Siku niliyorudi na begi nilikuwa nimejipanga kwa maneno makali. Hata jibu nilikuwa nimelikariri kwenye matatu. Baba alimaliza mursik yake, akachukua tochi, akaniuliza kama nakumbuka tuliweka wapi spana namba 13.

Nilikumbuka.

Sasa jerikeni ndiyo tanki, tumeifunga juu, mpira unashuka mpaka kwenye kabureta. Jana injini ilikohoa, ikanguruma karibu dakika mbili, moshi ukajaa boma lote. Mama akatoka mbio na mwiko mkononi.

Baba akazima. "Breki bado," akasema, bila kuniangalia. "Kesho uamke mapema."